Yale Maji Hayapungui, Seche

Mwanangu Sechelela,

Sauti ya viatu vyako kwenye ile ngazi ya chuma haijanitoka. Mwaka umepita tangu safari yetu ya Mwanza, na bado kuna asubuhi naisikia kabla sijafumbua macho. Ni vile viatu vyeusi vya kamba tulivyovichambua kwenye rundo la mitumba, vya kiume, nikakwambia ni vizito mno kwa msichana. Vilipogonga chuma vilitoa mlio wa mtu anayejua anakokwenda. Hukugeuka. Mimi nilikuwa nimekaa chini gatini, viatu vyangu nimevishika mkononi, nikisubiri maji yapungue.

Leo umekwenda kuaga kwaya, na najua watakuchelewesha. Hawana wimbo unaokwisha kwa ubeti mmoja. Kabla hujatoka ulisimama mlangoni ukasikiliza kikohozi cha Babu, kisha ukaniambia, "Mama, nikirudi jioni tuzungumze." Najua unachotaka kuzungumza. Unataka kuniambia kwamba kesho hutapanda treni, kwamba wanamaji watakuita tena mwakani, kwamba Babu hawezi kuachwa katika hali ile. Kwa hiyo naandika sasa, mchana, kabla hujarudi, maana nikikutazama usoni sitayasema.

Sitakuandikia jinsi ya kufunga begi wala jinsi ya kuishi na watu. Unajua kufua, unajua kusonga ugali, na watu wanakupenda kuliko wanavyonipenda mimi. Nataka kukuandikia jinsi mtu anavyokwama. Hilo nimelisomea.

Unaikumbuka siku ile ya Pasaka. Kwaya ilikuwa imemaliza kuimba, tukasikia kwamba meli ya jeshi imetia nanga bandarini, kila mtu anaruhusiwa kupanda na kuitazama, na vijana wanaotaka kazi waandikishe majina. Nikawa wa kwanza kusema twende. Nilitaka tu uone maji mengi, wewe uliyekulia Miyuji ambako ndoo moja huoga watu wawili na baki lake hunyweshwa mchicha. Meli yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiri, ya kijivu, na bendera zake zilipigwa upepo kama nguo zilizoanikwa vibaya. Halafu upepo ukazidi. Ngazi ikaanza kupanda na kushuka, maji yakarukia gati, na wanamaji wakasema anayepanda apande sasa. Wenzetu wakapanda wakipiga kelele. Mimi nikavua viatu, nikaketi juu ya gunia.

Yule mwanamaji aliyekuwa chini ya ngazi akanifuata. "Dada, vipi, unaumwa?"

"Hapana. Nasubiri yapungue."

"Nini kipungue?"

"Maji."

Akavitazama viatu mkononi mwangu. "Umetokea wapi, dada?"

"Dodoma!" wakajibu wanakwaya kutoka juu, kwa furaha ya watu wanaomsaliti mwenzao.

"Aaa, Wagogo nyie! Maji mnayajua ya kwenye ndoo." Kisha akainama, akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza: "Dada, hili ni ziwa, si korongo. Ukisubiri lipungue, utazeekea hapa hapa."

Wote walicheka na mimi nikacheka. Nilipoinua macho ulikuwa umeshafika juu. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba walikuuliza kama unajua kuogelea, nawe ukajibu, "Sijui, afande, lakini sijazama bado," wakacheka mpaka yule aliyekuwa akiandika majina akaangusha kalamu. Nilijivuna. Pia nilitamani kukupiga kofi.

Kwetu mtoto hufundishwa mapema: korongo likishuka, kaa chini. Mvua imenyesha huko milimani, wewe uko juani, mchanga ni mkavu, na ghafla maji ya rangi ya udongo yanakuja yamebeba miti na mbuzi. Usishindane nayo. Vua viatu, keti ukingoni, toa karanga zako, piga soga na mwenye baiskeli ambaye naye amekwama. Jioni yatakuwa yamepita na utavuka kwa miguu mikavu. Anayekufa ni mwenye haraka. Hekima hiyo ni ya kweli, imewaokoa watu wetu wengi, na sikufundishi kuidharau. Kosa langu ni kwamba niliitumia kwa kila kitu.

Nilipopata nafasi ya chuo kikuu nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na wewe ulikuwa na minane. Dada yangu Mwendwa, aliyekuzaa, tulikuwa tumeshamzika, na baba yako alikuwa na nyumba nyingine Singida. Ulikuwa umeshaanza kuniita Mama bila mtu kukuelekeza. Chuo kilichelewa kufunguliwa mwaka ule, mvua zikakikuta, na siku chache kabla ya safari yangu tukasikia reli imekatika Gulwe. Kila mvua kubwa huikata reli pale, hilo halikuwa jambo geni. Wenzangu wawili wa shule walipanda lori la chumvi lililokuwa likirudi tupu, wakafika Morogoro na matope hadi masikioni, na leo mmoja ni hakimu. Mimi nilimuuliza Babu. Babu alikuwa amefanya kazi ya genge la reli tangu ujana. Ni yeye na wenzake waliokuwa wakipelekwa Gulwe kuitengeneza kila ilipokatika. Akaniambia, "Reli hutengenezwa, mwanangu. Subiri."

Ilitengenezwa kweli. Lakini treni ya kwanza ilipopita, Babu alikuwa ameanguka bafuni na mdomo umekwenda upande. Nikaandika kuomba nafasi yangu isogezwe. Wakaisogeza. Mwaka uliofuata, wiki ya kuondoka, presha ikampanda tena. Nikaandika tena. Mara hiyo hawakujibu.

Nataka unielewe hapa, kwa sababu nimekuwa nikilizungusha jambo hili kichwani miaka mingi na sijapata maneno mazuri zaidi. Sisemi kwamba Babu anaigiza. Daktari amempima, mashine haidanganyi. Na hajawahi kunikataza kwenda popote. Laiti angenikataza ningegombana naye, na pengine ningeshinda. Babu anaogopa kuachwa, na mwili wake unaitii hofu yake kuliko unavyomtii yeye. Mtu akifunga begi, yeye anaugua. Begi likifunguliwa, anapona. Hapo katikati hakuna wa kumlaumu, na mahali ambapo hakuna wa kumlaumu ndipo mtu hukaa muda mrefu zaidi.

Hata safari ile ya Mwanza unajua ilivyokuwa. Mama Chiku jirani alitutumia simu ya maandishi kutoka huku, BABA MGONJWA RUDINI, ikatukosa Mwanza, ikarudishwa huku, nasi tukafika nyumbani kabla yake. Tarishi alipokuja nayo, Babu alikuwa mlangoni anakula ugali kwa mlenda. Akaipokea mwenyewe, akaisoma, akauliza kwa wasiwasi wa kweli, "Nani mgonjwa?" Tulicheka usiku kucha wewe na mimi, tumejifunika mdomo kwa kanga. Sijui kama uliona kwamba mimi niliacha kucheka mapema.

Kabla ya hapo, ukiwa bado mdogo, alikuja yule mwalimu wa Tabora uliyempenda kwa sababu ya pipi zake. Alitaka nihamie kwake pamoja na wewe. Nilimwambia asubiri Babu apate nafuu. Alisubiri, kwa kweli, alisubiri kwa heshima, halafu akaoa. Sikumlaumu. Watu waliniuliza kwa nini sikwenda, nikawajibu, "Nina mtoto." Walimu wangu wa zamani waliniuliza kwa nini sikusoma, nikawajibu, "Nina mtoto." Nilikutumia wewe kama pazia, Seche. Wewe hukuwahi kunizuia kwenda popote. Ungelala hata juu ya magunia matupu ya lile lori la chumvi ukiwa na mimi, na ungefurahia. Ukisikia watu wa mtaa wakisema kwamba nilijinyima kwa ajili yako, usiwaamini hata wakisema kwa machozi. Huna deni hilo.

Nimetimiza miaka thelathini na moja. Nikipita sokoni bado wananiita binti. Kila asubuhi naingia masijala, natoa majalada, naandika yamekwenda kwa nani, jioni nayarudisha. Nchi inafunguliwa, wanasema. Ni kweli, maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu sasa yana sabuni za rangi sita, na ofisini kwetu meza tupu zinaongezeka, maana tunapunguzwa. Wenzangu wanatafuta vibanda vya kuuza soda. Mimi nimekaa, nasikiliza kama jina langu litatajwa. Mara nyingine nikiwa peke yangu kati ya yale makabati naona kwamba sijawahi kuchagua hata kitu kimoja. Nimebaki na vilivyobaki. Hii hali haina maumivu makali, usidhani. Ni kama kukaa katika chumba ambacho hewa yake umeshaipumua yote. Huanguki. Unasinzia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Jumatatu wito wako kutoka kwa wanamaji ulipokuja, mimi ndiye niliyeugua. Unakumbuka. Kifua kilinibana nikiwa jikoni, nikashindwa kupuliza moto, ukanishika ukanilaza. Kilibana kweli. Nililala nikitazama ukutani, nikakusikia ukifungua begi. Ukatoa viatu vyako, ukaviweka uvunguni mwa kitanda, ukaja ukaketi miguuni pangu. "Wataniita tena mwakani, Mama."

Na mimi nikasema, "Kama unaona hivyo."

Hayo tu. Maneno matatu ya adabu. Saa ile ile kifua kikaanza kulegea. Jioni nililetewa uji nikanywa bakuli zima nikaomba jingine. Ndipo Babu akaita kutoka chumbani kwake, kwa sauti ya uchangamfu ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki mbili, "Kwa hiyo haendi tena?"

Seche, nilikaa na lile bakuli mikononi nikahisi baridi. Nilikuwa nimefurahi. Sauti yake na furaha yangu vilikuwa kitu kimoja. Miaka yote nimemtazama Babu kama mtu wa upande wa pili, kumbe nilikuwa najifunza kazi yake. Nikaona jinsi itakavyokuwa: yeye ataondoka duniani, mimi nitahamia kitanda kile, na wewe utakuwa masijala, au popote patakapobaki, binti wa miaka thelathini na moja, ukiwajibu watu, "Nina mama."

Jumanne nilikwambia nakwenda kazini. Nilikwenda Haneti, kwa mjomba wako Yona. Kaka yangu alikuwa shambani anapalilia uwele. Nikamwamkia, akaitika, nikamweleza nilichokijia papo hapo tukiwa tumesimama, maana nikiketi hunichukua siku nzima.

"Mzee amezoea kwako," akasema.

"Amezoea kwangu kwa sababu kwako hajawahi kulala."

"Na dawa zake? Mke wangu hajui habari za presha."

"Nitakuja kukaa naye mpaka azijue."

"Watu watasema umemtupa."

"Nimemtupa kwa mwanawe wa kwanza, kaka? Huko ni kumtupa?"

Akapalilia mistari miwili. Halafu akasema, "Wewe siku hizi una maneno."

Nilirudi, na Jumatano asubuhi nikavitoa viatu vyako uvunguni, nikavipiga kiwi, nikavirudisha begini. Ulinitazama. "Na kifua, Mama?" Nikakwambia kimepona. Hukuniamini lakini ulitabasamu, na kwa tabasamu lile nikajua ulikuwa umeshaanza kukata tamaa mapema kiasi gani. Mchana ule ule Babu akaanza kukohoa.

Usidhani nakupeleka kwenye uhuru. Niliiona ile meli, maana mwishoni nilipanda, nimeshika kamba kwa mikono miwili na macho nimefumba. Niliviona vile vitanda vilivyopangwa kama rafu za majalada yangu, na mlango mmoja, na mkubwa wao akizungumza na vijana wake bila kuwatazama. Wameshakwambia hakuna kuolewa kwa miaka kadhaa, hakuna kuondoka bila ruhusa. Huenda baada ya mwezi ukagundua kwamba umetoka chumba kimoja ukaingia kingine, na hicho kinayumba. Ikiwa hivyo, sitakucheka wala sitasema nilikwambia. Ukishindwa mafunzo, kushindwa ni kwako, ni halali yako. Ukiichukia kazi, iache. Ninachokuomba ni kimoja: usiache kitu kwa sababu ya kikohozi cha mtu mwingine. Hata kiwe changu. Hasa kikiwa changu. Nikikuandikia siku moja kwamba naumwa, mwulize Mama Chiku kwanza kama nimekula.

Na usijifunze kuwa mgumu kwa ajili ya kuondoka. Nimewaona waliofanya hivyo, wakaondoka, na ugumu wakabaki nao. Unaweza kulia na ukaenda. Mimi nilidhani ni lazima machozi yaishe kwanza ndipo mtu ainuke.

Sasa nikueleze nilichofanya leo, maana utakaposoma haya utakuwa umeshaona kwamba mlango hauko wazi.

Ulipokwisha kutoka, lori la jirani yake Yona lilikuja, na Yona mwenyewe ndani. Nilikwenda chumbani kwa Babu, nikamvisha koti, nikamwambia ukweli wote. "Baba, Seche anaondoka kesho kwa treni. Wewe unakwenda leo kwa Yona."

Akakohoa. Nikaendelea kumfunga vifungo.

"Nani ameamua?"

"Mimi."

"Mtoto anajua?"

"Hajui."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni. Nilidhani ataanguka, Seche, na nakiri kwamba mikono yangu ilikuwa tayari kumdaka na kuanza upya kila kitu. Hakuanguka. Akaomba fimbo yake na redio. Yona akamnyanyua hadi kiti cha mbele, na walipokuwa wanafunga mlango wa lori akasema, "Mwambie asikae behewa la mwisho. Linatikisa mno." Mimi hakuniaga. Nilisimama njiani mpaka vumbi likatulia, na sijui hata sasa kama nimefanya jambo jema au nimemfukuza baba yangu. Pengine yote mawili. Nitalijua nikiwa huko naye.

Naandikia kwenye meza ya Mama Chiku. Begi lako liko chini ya kitanda chake, na chapati amezifunga kwenye kitambaa, usimwambie nimekutajia. Utalala hapa. Atakusindikiza stesheni asubuhi yeye na mwalimu wa kwaya. Mimi sitakuwepo. Najijua, nikisimama pale kifua kitanishika, na safari hii hata mimi sitaweza kusema kama ni kweli.

Nyumba nimeifunga kwa kufuli na ufunguo ninao mfukoni, ninaondoka nao. Usimsumbue Mama Chiku, hana mwingine. Basi la Haneti linapakia sasa hivi, nimeshalipa kiti, na mizigo yangu iko juu ya paa lake. Usinifuate. Kesho hakuna gari la kule. Linalofuata ni la Jumapili.

Mama